Alama kwanza, sururu baadaye

Mhariri,

Tangu 2007 Wamarekani hupiga simu namba 811 bure siku chache kabla ya kuchimba ardhi, ili wenye mabomba na nyaya zilizofukiwa waje kuweka alama zilipopita. Mchimbaji huchora eneo lake kwa rangi nyeupe. Wenye mabomba na nyaya huongeza nyekundu kwa umeme, njano gesi, buluu maji. Majimbo mengi hutaka ndani ya inchi 18 hadi 24 za alama watu wachimbe kwa chepe taratibu mpaka bomba lionekane, mashine ya kuchimbia (kijiko) isubiri.

Mkwaruzo nao uripotiwe! Ganda la bomba la chuma la gesi likichubuka na kufukiwa kimyakimya, kutu hulila na uvujaji huja miaka baadaye.

Kwetu pia itungwe namba moja, na faini imguse hata mwenye bomba asiyefika kuweka alama.

Fundi mabomba,
Dar es Salaam