Mwamba ufungwe, lakini si miezi ya kusi

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie kufungwa kwa mwamba wa pweza kijijini kwetu, pwani ya Kilwa, yaani kukatazwa kuvua pweza hapo kwa miezi kadhaa ili wakue.

Nachokoa pweza tangu utotoni, nikimfuata bibi yangu. Bamvua likifika, siku ambazo maji hutoka mbali, twaenda kwa miguu mpaka mwambani, nondo mkononi. Sipingi kufunga. Tulishafika pahala tunatoa vipweza vya kiganja, havifikii hata ile nusu kilo ya kisheria. Na pweza jike akishataga hatoki tunduni. Analinda mayai, hali kitu, mpaka yaanguliwe, kisha anakufa. Ukimchokoa hapo umemmaliza yeye na wanawe. Mwaka jana mwamba ulipofunguliwa nilipata mmoja ambaye minyiri yake ilining'inia nje ya ndoo.

Kinachotuumiza ni wakati. Ulifungwa Juni mpaka Agosti, na hiyo ndiyo kusi yenyewe, msimu wa upepo mkali. Ngalawa zimepandishwa mchangani, mume wangu yuko kivulini anashona nyavu, na samaki akipatikana bei haishikiki. Miezi hiyo kitoweo cha nyumba hutoka kwenye nondo ya mwanamke. Tulikula ugali kwa matembele, siku nyingine bila nazi. Mwanangu wa miaka mitatu alikuwa akifunua sufuria, anachungulia, halafu anaifunika tena bila kusema neno. Kusi hii sitaki kumwona akifanya vile.

Siku ya kufungua, wazamiaji wenye miwani na boti hawakusubiri maji yatoke. Tulipofika sisi wa miguu, matundu mengi yalikuwa matupu. Pweza wakapimwa, wakatiwa kwenye barafu, wakaondoka na gari la mnunuzi. Mimi nilirudi na wawili, na mmoja nikamuuza kulipa deni la unga.

Naomba mwamba ufungwe wakati wa kaskazi, Desemba mpaka Februari, wanaume wanapoweza kwenda baharini na nyumba zina samaki. Kipande cha karibu na ufuko kiachwe wazi mwaka mzima kwa wanaotembea. Na siku ya kufungua, maji ya kwanza yawe yetu.

Uongozi wa BMU, kikundi cha kijiji kinachosimamia uvuvi, unasema yote yalipitishwa kikaoni. Ni kweli, ila kikao kiliitwa asubuhi ya bamvua, wanawake wote tukiwa mwambani. Safari hii kiitwe maji mafu, siku ambazo bahari haitoki mbali, tutakuwepo.

Wasalaam,
Mchokoaji pweza, Kilwa