YAH: EURYDICE KURUDISHWA KUZIMU MARA 41 KWA MAKOSA YA GEMU YENU

Mwanza

Kwa Msimamizi,
Idara ya Huduma kwa Wateja.

Ndugu,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nawaandikia kwa Kiswahili kwa sababu kwenye ukurasa wa mauzo mmeorodhesha Kiswahili miongoni mwa lugha za gemu yenu. Ni neno hilo moja lililonifanya nitoe shilingi 38,000 bila kusubiri punguzo la mwisho wa mwaka. Gemu ya kurukaruka kwa kufuata mdundo, shujaa wake Orpheus wa hadithi za kale za Wagiriki, kinubi mkononi, anashuka kuzimu kumfuata mkewe Eurydice aliyeumwa na nyoka: nikasema hii imetengenezwa kwa ajili yangu.

Na niwape haki yenu kwanza. Cerberus, yule mbwa wa vichwa vitatu, kuimba sauti tatu kama kwaya ya Jumapili, kumenichekesha mpaka nikakosa kuruka. Na pale mchezaji anapopiga vizuri, Sisyphus, yule aliyehukumiwa kusukuma jiwe milele, anaacha kulisukuma na kulikalia asikilize. Hilo limo kwa Ovid, mshairi wa Kirumi aliyeandika miaka elfu mbili iliyopita. Kwa hiyo kuna mtu huko kwenu aliyesoma, na ndiyo maana nimekasirika zaidi. Kitu kibovu tangu mwanzo ningekifuta nikaendelea na maisha.

Tatizo la kwanza ni sauti kuchelewa. Gemu inanitaka nibonyeze kitufe ngoma inapolia. Nabonyeza ngoma inapolia. Skrini inaandika “Umechelewa”. Nilidhani ni zile spika za masikioni za Bluetooth, ambazo kila mtu anajua huchelewesha, nikazitoa na kuchomeka za waya. Hali ikapungua, haikuisha. Mpwa wangu akawa amekaa nyuma yangu anahesabu: “Mjomba, umemuua tena.” Ikabidi nipime. Nimewasha kamera ya simu kwa mwendo wa picha 240 kwa sekunde, nikarekodi skrini na spika ndogo iliyo na taa inayowaka sauti inapotoka. Tangu alama ya mdundo inapomulika kwenye skrini hadi taa ya spika kuwaka nimehesabu picha 30. Hiyo ni milisekunde 125. Wimbo wa hatua ya tisa unakwenda midundo 120 kwa dakika, yaani nusu sekunde kati ya pigo na pigo. Kwa lugha nyepesi, masikio yangu yanaletewa habari robo ya pigo ikiwa imeshapita, halafu naambiwa mchelewaji ni mimi.

Babu yangu, Mjaluo wa Rorya, alikuwa mpiga nyatiti. Kama hamuijui, ni ndugu wa hicho kinubi cha Orpheus: nyuzi nane, mpigaji anakaa chini, na kwenye kidole gumba cha mguu anavaa pete ya chuma anayoigonga kwenye mbao ya chombo ili kushika mdundo. Alikuwa akinipiga kibao cha mgongo mguu ukiachana na mkono hata kidogo. Nimekulia hapo. Sisemi kwamba sikosei, nasema najua ninapokosea.

Gemu nyingi za muziki zina sehemu ya kurekebisha jambo hili. Unasikia mlio, unabonyeza mara kadhaa, mashine inapima tofauti na kuifidia. Kwenye mipangilio yenu nimekuta kuchagua rangi ya kanzu ya Orpheus. Zipo rangi kumi na mbili.

Sasa hicho Kiswahili chenu. Hatua ya pili kuna kibao kimeandikwa “Piga kamba saba ili mlango ufunguke”. Ndugu zangu, ala ya muziki ina nyuzi. Kamba ni ya kufungia mbuzi, na kwa mitaani kwetu kumpiga mtu kamba ni kumdanganya. Mpwa wangu akauliza kama Orpheus anatakiwa aseme uongo mara saba. Idadi yenyewe ni sahihi, maana kinubi ambacho mungu Hermes alikitengeneza kwa gamba la kobe kilikuwa na nyuzi saba. Ni neno tu ndilo lililoharibika.

Kibaya zaidi ni “Badilisha ufunguo”. Nimezunguka hatua ya tano nzima nikitafuta ufunguo. Nimechungulia nyuma ya kila nguzo. Nimerudi mtoni kwa Charon, mvushaji wa wafu, nikidhani nimeuacha kwenye mtumbwi. Karibu saa mbili. Kumbe mmetafsiri “key” ya Kiingereza, mlikuwa mnaniambia nipandishe sauti ya wimbo. Wapigaji wa bendi hapa husema “pandisha ki”, na kila mwanakwaya angewaelewa.

Hayo nilikuwa nimeshayasamehe mpaka nilipofika hatua ya tisa. Orpheus anatoka kuzimu, Eurydice yuko nyuma yake, na kwenye ukuta kumeandikwa kwa herufi kubwa: “USIRUDI NYUMA”. Nikatii. Sikurudi hata hatua moja. Nilifika kwenye mwamba, nikamgeuza Orpheus atazame tu kama mkewe anafuata, na mke akayeyuka mbele ya macho yangu. Kurudi ni kwa miguu, kugeuka ni kwa shingo. Sharti la Hades, mfalme wa kuzimu, lilikuwa la shingo: Orpheus asigeuke kumtazama mkewe mpaka watoke, na hadithi yote imesimama hapo. Ilitakiwa muandike “Usigeuke”, neno moja, tena fupi kuliko hayo mawili mliyoweka.

Baada ya kulielewa hilo nikaanza upya kwa uangalifu, nikakutana tena na lile tatizo la kwanza: ukikosa mdundo mara tatu, Orpheus anajikwaa na uso wake unageuka wenyewe. Mara 41 kwa jumla. Kihesabuji chenu ndicho kinachosema, tena na picha ya fuvu pembeni.

Niliwaandikia tarehe 3 mwezi huu nikajibiwa kwamba niongeze mazoezi. Nilipoomba fedha zangu nikaambiwa haiwezekani kwa kuwa nimecheza zaidi ya saa mbili. Ni kweli, nimecheza saa sita. Mbili kati ya hizo nilikuwa natafuta ufunguo wenu.

Ninachoomba ni hiki. Wekeni sehemu ya kurekebisha sauti, na mpeni mtu anayezungumza Kiswahili, ikiwezekana aliyewahi kushika ala yoyote, apitie maandishi upya. Mkiweza kufanya hivyo ndani ya siku 30, kaeni na fedha yangu na mniachie nilipofikia, nitamalizia. Kama hamtaweza, nirudishieni shilingi 38,000 kwa njia ileile niliyolipia, na liondoeni neno Kiswahili kwenye ukurasa wa mauzo.

Nimeambatisha risiti, picha za vibao vitatu nilivyovitaja, na video ya sekunde 19. Itazameni kwanza bila sauti, mhesabu wenyewe.

Wenu,
Mteja wa hatua ya tisa