Onyo la kimbunga tunalipata, je kikishapita nani anatusikia?

Ndugu Mhariri, shikamoo kama umenizidi, na kama hujanizidi basi salamu tu.

Mi ni mchuuzi wa samaki hapa Tanga, alfajiri utanikuta soko la samaki la Deep Sea na ndoo zangu, na hii barua naiandika kwenye simu kwahiyo mtanisamehe nikikosea. Kila masika ikikaribia nasikia maandalizi ya maafa yanaongelewa, mahema, mablanketi, unga, maharage, sawa vyote ni vya maana, ila mawasiliano, mfano simu za setilaiti zisizotegemea minara, hayaguswi na mtu. Sa hilo hema utalipeleka wapi kama hujui nani kazingirwa na maji?

Nilichoandikia ni hiki. Masika moja ya miaka ya karibuni shemeji yangu alitoka na mashua na vijana watatu, kijiji kimoja upande wa Pangani, mchana upepo ukageuka, mvua ikashuka ile ya kumimina na jioni umeme ukakata. Mnara wa simu wa pale ukajivuta kwa betri mpaka kama saa tatu usiku nao ukanyamaza. Barabara imekatika, wa kuleta dizeli ya jenereta ya mnara apite wapi? Siku mbili na nusu hatujui kitu, dada yangu kalia mpaka sauti imemkauka, wazee washaanza kuulizana chini chini turubai la msiba tutaazima kwa nani. Kumbe wenzetu wamejibanza nyuma ya kisiwa halafu wakaenda kutua kijiji kingine kabisa, wako kwa watu wanakula mihogo, na huko nako mnara umelala. Habari tuliipata kwa kijana wa bodaboda aliyepanda kilimani penye ule mwembe ambao watu huwa wanaenda kutafutia netiweki, akabahatisha laini ya kampuni nyingine ikashika. Bodaboda mmoja na mwembe mmoja, huo ndo ulikuwa mfumo wetu mzima wa mawasiliano ya maafa.

Nisiwe mchoyo wa fadhila lakini. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipokuwa kinakuja, Mamlaka ya Hali ya Hewa walitoa taarifa mapema, ikazunguka kwenye magrupu ya watsapu ya wavuvi, redioni ikasomwa, watu wakavuta vyombo juu. Tarehe 4 kikaingia Mafia kikaishiwa nguvu, alhamdulillahi. Ila onyo linatufikia kwa sababu minara bado iko hai. Baada ya hapo je? Na hata si lazima kije kimbunga, wiki moja tu baadaye, 12 Mei, nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilikatika na intaneti nchi nzima ikawa ya kubahatisha, mi mwenyewe mteja wangu wa Dar nilikuwa namtumia picha ya samaki haiendi.

Wenzetu yamewakuta makubwa zaidi. Usiku wa kuamkia 15 Machi 2019 kimbunga Idai kilipiga Beira kule Msumbiji, ni bahari yetu hii hii, mji mkubwa wa bandari ukanyamaza, simu hazitoki haziingii, na walio nje wakawa wanakisia tu hali ikoje. Waliofika na vifaa vya setilaiti, wakiwemo jamaa wa Télécoms Sans Frontières, shirika la misaada ya mawasiliano, na wale wa Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, ndo wakawawekea waokoaji mawasiliano wakaanza kupanga kazi. Na Tonga, visiwani huko Pasifiki, 15 Januari 2022 volkano ya baharini ililipuka ikakata waya wao mmoja tu unaowaunganisha na dunia, ukaja kutengemaa baada ya wiki tano. Muda wote huo kuongea na watu wa nje kulitegemea setilaiti.

Tofauti ya simu ya setilaiti na hizi zetu ni nini? Simu zetu hizi zinaongea na mnara, na mnara unaongea na mnara mwenzie au na waya wa faiba, yaani ni kama mstari wa watu wa kupokezana ndoo, mmoja akianguka hapo katikati maji hayafiki. Simu ya setilaiti inaongea na juu moja kwa moja. Za mtandao wa Iridium zinatumia setilaiti 66 zinazozunguka kama kilomita 780 juu yetu, moja ikizama nyingine inachomoza, na setilaiti za mtandao wa Inmarsat zimekaa juu ya ikweta karibu kilomita 36,000, zinakwenda sawasawa na dunia ndo maana zinaonekana kama zimetia nanga. Mafuriko ya Pangani hayazihusu hata kidogo.

Nilivyolisema hili kijiweni nikachekwa. Jamaa mmoja akaniambia wewe, mvua ikianza tu hapa king'amuzi kinagoma na mpira hatuoni, hiyo simu yako ya setilaiti itafanya nini kwenye kimbunga? Swali zuri sana na mi lilinisumbua mpaka nikaenda kuuliza kijana mmoja fundi. Akanieleza kuwa dishi la tivii linatumia mawimbi yenye mtetemo wa kasi zaidi, huko gigahezi 11, 12, hayo matone ya mvua yanayameza, lakini simu za setilaiti ziko kwenye gigahezi 1.5 au 1.6 na hapo mvua haizisumbui sana. Shida yake ni nyingine, haitaki ukae chini ya bati wala chini ya mwembe, inataka uwazi, kwahiyo utatoka nje ulowe ndo upige.

Ninachoomba sio intaneti ya kuangalia sinema. Kila mwalo mkubwa wa kushushia samaki, kuanzia Moa huko Mkinga mpaka Kipumbwi, uwe na simu moja ya setilaiti na kipaneli cha sola cha kuchajia, na vijiji vya milimani Lushoto vinavyofunikwa na maporomoko navyo visisahaulike, tuliona Katesh Desemba 2023 tope la mlima Hanang lilivyofanya. Vibali vishughulikiwe mapema kabla ya mvua, maana kuna mkataba wa Tampere wa 1998 uliotengenezwa makusudi ili vifaa vya mawasiliano ya uokoaji visikwame kwenye mipaka na forodha, watu walishaumia na hilo wakaandika.

Na sasa nifike kwenye jambo ambalo naliogopa kuliko yote, funguo. Nawajua watu wetu. Simu italetwa, itapigwa picha, halafu itafungiwa kwenye kabati la ofisi na funguo anayo mtu mmoja anayelala mjini, siku ya siku chaji hakuna na malipo yake yaliisha mwaka juzi. Kwahiyo ikae kwa kamati ya wavuvi pale pale mwaloni, wawili watatu wafundishwe, akiwemo mwanamke maana sisi ndo tunabaki pwani wanaume wakiwa majini, na kila tarehe moja ya mwezi ipigwe kujaribiwa hata kama jua linawaka. Malipo ya mwezi si ya bei ya maandazi najua, halmashauri ichangie na sisi tukatwe kidogo kwenye mnada wa samaki, kwani ushuru mbona tunatoa kila siku? Mi niko tayari nianze wa kwanza, na shemeji yangu nishamuuliza, naye kakubali kabla sijamaliza sentensi.

Mchuuzi wa samaki,
Deep Sea, Tanga