Risala ya klabu ya sayansi kwa mgeni rasmi, siku ya maonyesho ya miradi ya ubunifu

Mheshimiwa mgeni rasmi, mkuu wa shule, walimu, wazazi wetu wapendwa na wanafunzi wenzetu, shikamooni wakubwa, na wenzetu mambo vipi. Karibu sana mgeni wetu, tunajua ratiba yako imebana na hata hivyo umekuja, asante. Historia ya klabu hatutaisoma maana imebandikwa pale ukutani, leo tuna jambo moja tu la kukueleza, jinsi tunavyochuja miradi yetu.

Mheshimiwa mgeni rasmi, zamani mradi hapa ulikuwa unaenda hivi, mtu anakuja na wazo, wote tunasema hilo kali, tunachangishana, tunanunua vifaa, tunaunda usiku na mchana, siku ya maonyesho tunapigiwa makofi halafu kitu kinaenda stoo na hakitoki tena. Sasa hivi kila mradi unapita milango minne. Wa kwanza, shida ipo kweli na ni ya nani. Wa pili, inawezekana kwa hela na ujuzi tulionao? Wa tatu ni jaribio dogo kwa watu wenyewe watakaotumia, wa nne ndo kusambaza. Kwenye kila mlango wanakaa wanakikundi, mwalimu mlezi na mtu mmoja wa nje, wanaamua tuendelee, tubadilishe au tuache, na kuacha hapa kwetu sio aibu. Mfumo hatukuubuni sisi, profesa Robert Cooper wa Kanada ndo aliueneza viwandani kuanzia miaka ya 1980, na hata NASA, shirika la anga za juu la Marekani, wana ngazi zao 9 za kupima teknolojia imekomaa kiasi gani.

Mfano ndo huu ulio mezani. Tulitaka kutengeneza mashine ya kutotolesha vifaranga, na hesabu tulikuwa nazo zote, joto nyuzi 37.5, mayai yanageuzwageuzwa mpaka siku ya 18, siku ya 21 vifaranga wanatoka. Tulikuwa tushachagua hadi balbu! Mlango wa kwanza ukatulazimisha twende tukaongee na kina mama wanaofuga kuku wa kienyeji huku jirani, na wao wakatuambia wanangu, kutotoa sio shida, tetea anatotoa mwenyewe vizuri tu, shida ni ugonjwa wa kideri, kikipita banda linabaki tupu. Tukauliza mbona chanjo ipo, ile ya tone moja jichoni kila baada ya miezi mitatu? Wakasema chupa moja ni ya kuku wengi na ukishaifungua haikai, mtu mwenye kuku nane anunue chupa nzima ya nini.

Basi mashine tukaiweka pembeni, mradi ukawa ni orodha ya majirani na meseji za kawaida kwenye simu, hata ya kitochi inapokea, kaya kadhaa zinachangia chupa moja na kuchanja siku hiyohiyo. Kwa macho hauvutii, hauna taa wala feni, ndo maana watu wanaupita pale mezani wakikimbilia roboti la kidato cha tatu (ni zuri kwa kweli hatukatai).

Mheshimiwa, hata M-Pesa ilipita humo humo. Majaribio yalianza Kenya Oktoba 2005 na lengo lilikuwa watu walipe mikopo midogo kwa simu, lakini kwenye majaribio watu wakawa wanatumiana hela kwa mambo yao mengine kabisa, wahusika wakaliona hilo na ilipozinduliwa Machi 2007 ikaja kama huduma ya kutumiana pesa. Wangeruka majaribio wakaenda moja kwa moja kusambaza nchi nzima, sijui ingekuwaje.

Changamoto zipo. Wenzetu wengine wanalalamika milango inachelewesha na inaua mawazo ya ajabuajabu, na hapo wana hoja, kwa hiyo tumekubaliana mtu anayetaka kuchezea tu waya na betri ili ajifunze asiulizwe mlango wowote, milango inaanza pale hela ya klabu inapoguswa. Nyingine, mtu wa nje wa kukaa nasi ni wa kubembeleza kila mara. Na laptopu tunayo moja, tunashea na ofisi ya taaluma.

Maombi yetu ni haya. Tunaomba utuunganishe na afisa mifugo wa kata awe anakaa nasi kwenye mlango wa tatu, maana masuala ya chanjo sisi ni watoto tu hatuwezi kujiamulia. Na kama utaguswa kutuchangia, tunaomba usitupe hela yote kwa mkupuo, tupe ya mlango mmoja, ukiletewa ripoti ukaridhika ndo utoe ya mlango unaofuata, usiporidhika baki nayo.

Mheshimiwa mgeni rasmi, tunaomba kuwasilisha.