Mgonjwa wa ganzi yuko macho, semeni naye

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niongee na madaktari na manesi wa thieta, yaani chumba cha upasuaji, na wenzangu wanaoogopa kwenda kutoa vivimbe vyao.

Mi nilikuwa na uvimbe wa mafuta mgongoni, chini ya bega, ule laini ambao ukiubonyeza unateleza chini ya ngozi, hauumi, ila ulianza kukua ikawa kila nikiegemea kiti nausikia. Daktari akasema unatolewa kwa ganzi tu, hamna nusu kaputi, unaingia na kutoka siku hiyohiyo. Sawa.

Sasa shida ni hii ya kuambiwa "hutasikia kitu". Si kweli bwana! Kwanza sindano ya ganzi yenyewe inachoma, tena inachoma hasa, maana ile lignokeni, dawa yenyewe ya ganzi, ina asidi kidogo na inasukumwa ndani ya nyama iliyobana. Baada ya dakika chache maumivu yanakata kabisa lakini mguso haukati, unasikia unavutwa, unakandamizwa, unavutwa tena, kama mtu anapambana na zipu iliyokwama kwenye nguo uliyoivaa. Mi hilo sikuambiwa, kwa hiyo nilivyoanza kusikia kuvutwa nikajua basi ganzi imegoma, sasa hivi nakatwa hivihivi, moyo mbio, jasho linanitoka, mgongo wote nimeukaza, na mgongo uliokazwa haumsaidii aliyeshika kisu. Nesi ndo akaja kunieleza baadaye, kwamba ganzi inawahi kuzima vile vineva vyembamba vinavyopeleka maumivu, vile vinene vya mguso na mkandamizo vinachelewa au havizimiki vyote. Yaani maneno ambayo hayamalizi hata dakika, kwa nini yaje baada ya kazi?

Halafu kuna kile kifaa cha umeme cha kuziba vimishipa vya damu, kinatoa harufu ya nyama kuungua, na nyama yenyewe ni yako. Na maongezi je! Umelala kifudifudi huoni kitu, unasikia daktari anasema "ee, kumbe umeshika huku chini", halafu kimya. Umeshika nini? Kimya. Baadae wanaendelea na stori za likizo. Sikatazi stori, hata zinatuliza, ila ukishasema "ee kumbe" malizia basi.

Nisiwe mtu wa kulalamika tu, kuna kitu walifanya vizuri sana. Waliniuliza jina, nimekuja kutolewa nini, upande upi, dawa gani inanidhuru, kila mtu anauliza upya mpaka nikaona hawa wamesahau mimi ni nani, kumbe ndo utaratibu wenyewe wa usalama, Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha yake ya thieta 2008 ili mtu asije akakatwa upande usio wake. Wagonjwa wenzangu msichoke kujibu hayo maswali, na kama unameza aspirini au dawa yoyote ya kupunguza kuganda kwa damu itaje mapema, usiiache kimyakimya bila kuambiwa. Na ukisikia maumivu makali katikati ya kazi, sema, mara nyingi wanaweza kukuongezea ganzi.

Jingine ni maelezo ya nyumbani. Mi nilipewa kwa mdomo huku natembea kuelekea mlangoni, bado nina kizunguzungu cha woga, nani anakumbuka? Ganzi ikaisha baada ya masaa kadhaa, kidonda kikaanza kupwita, nikawa sijui niruhusu maji yaguse au la, nyuzi zinatoka lini. Jirani ananiambia siku tano, kumbe yeye alishonwa usoni! Za usoni ndo hutolewa siku 5 hadi 7, za mgongoni hukaa kama 10 hadi 14 maana ngozi ya pale inavutwa kila ukiinama. Hayo yangeandikwa kwenye karatasi pamoja na dalili za kurudi haraka, wekundu unaosambaa, joto, usaha, homa.

Na ule uvimbe wangu ulipelekwa maabara kupimwa, hilo nimelijua siku ya kutoa nyuzi, tena kwa kuuliza mwenyewe. Majibu yalikuwa mazuri, mafuta tu, ila yalikuwa yameshafika yamekaa kwenye faili. Naomba hospitali ziandike kwenye hiyohiyo karatasi majibu yanatoka lini na nani anapaswa kumpigia mwenzake, mgonjwa au wao.

Msomaji wako