Barua kuhusu Q isiyo na U

Kibokoni, Mombasa
9 Februari 2025

Swahiba wangu mpenzi,

Baada ya salamu nyingi kwako na kwa wote hapo nyumbani, napenda kukujulisha kwamba barua yako imenifikia, nami nimefurahi kusikia kuwa wanafunzi wako wa Scrabble, mchezo wa kuunda maneno ubaoni kwa kete za herufi, huko Unguja wanaendelea vizuri. Umenitaka nikutumie orodha ya maneno ya Kiingereza yenye Q bila U, ili wayakariri kabla ya mashindano. Orodha nimeiambatanisha, lakini kabla hujawawekea mbele yao nakuomba unisikilize kidogo, kwa sababu naamini kwa dhati kwamba mengi ya maneno hayo wanayo tayari vinywani mwao.

Jambo hili lilinidhihirikia Ijumaa iliyopita baada ya Isha, nilipokuwa nikicheza barazani na mpwa wangu. Mbele yangu nilikuwa na Q, A, D na I, pamoja na kete nyingine tatu, na U zote nne zilikwisha kuwekwa ubaoni. Niliitazama ile Q kwa muda mrefu, nikaiona ni mzigo tu, nikaweka AID kwa pointi 4. Mpwa wangu alimaliza kete zake nami Q ingali mkononi, kwa hiyo nikakatwa pointi 10 na yeye akaongezewa 10 hizo hizo, naye akanishinda kwa 17. Asubuhi yake nilifungua kamusi kutafuta neno jingine kabisa, nikakutana na QADI. Kadhi! Neno nililolisikia tangu utotoni, kila panapotajwa ndoa au mirathi hapa mtaani, lilikuwa limekaa mbele yangu herufi zote nne, lenye thamani ya pointi 14, nami nikachukua herufi tatu kati yake kuandika msaada usionisaidia.

Tangu siku hiyo nimeyachunguza maneno haya moja moja. Kiingereza cha kale kiliandika queen, yaani malkia, kuwa cwen, bila Q yoyote. Mtindo wa kuandika QU ulienezwa na waandishi waliofuata desturi ya Kifaransa baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, na Kifaransa chenyewe kiliurithi kutoka Kilatini. Basi neno lenye Q pasipo U, mara nyingi, ni mgeni aliyeingia kwa mlango mwingine, na mlango mpana kuliko yote ni Kiarabu, ambacho herufi yake ya qaf wataalamu wa Ulaya walizoea kuiandika kwa Q. Sisi tuliyapokea maneno yale yale, ila tukayaandika kwa K, kwa kuwa hati yetu haina Q wala X. FAQIR ni fakiri, TALAQ ni talaka, WAQF ni wakfu, NIQAB ni nikabu, na SUQ, ambalo watoto wengi hulisahau kwa kuwa Q yake iko mwishoni, ni soko letu la kila siku. Hata QAT, ingawa jina letu limetoka kwingine, ni miraa hii hii inayoshuka kila siku kutoka Meru.

Hapo ndipo wanafunzi wako waliosoma chuo cha Kurani wanapokuwa na faida kubwa. Waulize neno linatamkwaje kwa Kiarabu: ikiwa K yake inatoka kooni, hiyo ni qaf, na huenda Waingereza wameiandika Q, ikiwa ni kaf nyepesi, kama ile ya kitabu, wasijisumbue. Waonye pia kwamba kipimo hiki ni cha kutafutia tu, kisha kamusi ndiyo inayoamua. Kahawa, kwa mfano, ina qaf kwa asili, lakini neno hilo liliwafikia Waingereza kupitia Kituruki na Kiholanzi, likawa coffee. Yapo pia yasiyotuhusu kabisa, kama QI la Kichina, yaani nguvu ya uhai, na hilo lazima walikariri, maana linawekeka karibu popote penye I.

Kuhusu kutafuta maneno marefu, nitasema machache tu. Mwanafunzi wa Kiswahili hafundishwi upya kuvua viambishi. Akiliona "anayewapikia" anajua mzizi ni pik-. Basi na kwenye kete zake aitenge kando ING, au ED, au RE, halafu atazame kilichobaki. Akiwa na A, E, I, N, R, S na T, akaitanguliza RE, atabaki na herufi za kuundia RETAINS, na pointi 50 za kumaliza kete zote saba ni zake.

Tena usisahau kuwaambia kwamba Kiswahili chenyewe kimo katika kamusi ya Collins inayotumika mashindanoni. UHURU huondoa U tatu kwa mkupuo, na UJAMAA hutua A tatu pamoja na J, ambayo peke yake ina pointi 8. Nilipowaonyesha wanafunzi wangu UJAMAA, mmoja wao aliinuka kitini akataka alione kwa macho yake mwenyewe.

Najua utanijibu kwamba Nigel Richards wa New Zealand alitwaa ubingwa wa Scrabble ya Kifaransa mwaka 2015 bila kukizungumza Kifaransa, kwa kuyakariri maneno yake tu. Ni kweli, nami namheshimu mno. Lakini watoto wetu wana saa moja kwa wiki baada ya vipindi, na mtoto aliyegundua mwenyewe kwamba TALAQ ni talaka halisahau tena hata ukimwamsha usiku wa manane.

Orodha nimeipanga kwa makundi: yaliyo na ndugu zake katika Kiswahili yako juu, yaliyobaki yako chini. Nakuomba uwape kwanza yale ya juu, ukiwa umeyafunika kwa karatasi, uwatajie neno la Kiswahili wao wakisie tahajia ya Kiingereza. Kisha uniandikie ni mangapi waliyapata, na ni yapi yaliyowashinda.

Wasalimie wazee, na shemeji umfikishie salamu zangu.

Ni mimi swahiba wako