Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu: takwimu zianze na kuhesabu, chati zifuate

Mheshimiwa Waziri,

Salaam kutoka Temeke. Mimi ni mwalimu wa Hisabati katika sekondari ya kata, na nakuandikia kuhusu mada moja tu: takwimu. Najua mezani kwako kuna mazito zaidi, upungufu wa madarasa, walimu, madawati. Hili langu halihitaji fedha nyingi, na nimeona nilisemee hadharani ili na walimu wenzangu wachangie.

Kwa kawaida mwanafunzi hupewa jedwali lililokwisha kujazwa: alama za wanafunzi arobaini, au magunia ya mahindi ya mkulima asiyejulikana anaishi wapi. Anakokotoa wastani, anatafuta mediani (namba ya katikati zikipangwa kwa ukubwa), anachora chati ya duara kwa bikari na kipimapembe, anapata vema zake. Hakuna aliyemuuliza namba zile zimetoka wapi, nani alizikusanya na nani aliachwa nje. Mitihani nayo huuliza vivyo hivyo, na mwalimu hufundisha kitakachoulizwa. Simlaumu.

Muhula uliopita niliwaambia Kidato cha Pili kila mmoja aandike kwenye kipande cha karatasi, bila jina, watu wangapi walilala kwao usiku uliopita. Swali hilo sikulitunga. Ndilo walioulizwa wazazi wao kwenye Sensa ya Watu na Makazi, walipohesabiwa waliolala katika kaya usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti 2022. Kabla hata karatasi hazijakusanywa, ubishi ukaanza. "Mwalimu, sisi tumepanga, nyumba ina wapangaji sita, nihesabu wote?" "Kaka yangu anaendesha bajaji usiku, analala asubuhi, yumo?" Robo saa nzima ikaishia kwenye kukubaliana nani ni wa kaya ipi. Tukaamua wanaokula chungu kimoja, na mpangaji wa chumba cha pili ahesabiwe kwake. Mheshimiwa, robo saa ile ilikuwa na thamani kuliko kipindi kizima cha kukokotoa.

Karatasi za grafu hatuna za kutosha, kwa hiyo tulitumia vizibo vya soda. Tuliandika namba kwa chaki sakafuni, halafu kila jibu likawekewa kizibo kimoja juu ya namba yake. Mlima ukajitokeza wenyewe, na kule mbali kabisa kizibo kimoja kikabaki peke yake juu ya 19. Mwenyewe akajitaja huku akicheka: kwao kulikuwa na harusi, ndugu wamejaa kutoka Lindi. Tukakokotoa wastani kizibo kile kikiwemo, kisha tukakiondoa. Wastani ukashuka. Mediani haikusogea hata kidogo, na hakuna aliyehitaji kuambiwa kwa nini.

Hata bila nyumba ya harusi, wastani wetu ulizidi sita. Nikawaandikia ubaoni wastani wa taifa uliotokana na sensa, watu 4.3 kwa kaya. Kijana wa dawati la nyuma akasema, tena kwa uhakika wote, "Basi sensa ilikosea." Darasa likamuunga mkono. Nikanyamaza. Baadaye kidogo binti mmoja akauliza: "Sasa mtu anayeishi peke yake, humu darasani angehesabiwa na nani?"

Hapo wakashtuka. Tulikuwa tumehesabu kupitia watoto. Kijana aliyepanga chumba kimoja Tandika hayumo kwenye vizibo vyetu, wala wazee wawili ambao watoto wao wamekwisha kuolewa na kuhama. Na familia yenye watoto saba ina nafasi kubwa zaidi ya kuwa na mmoja wao darasani kuliko yenye mtoto mmoja. Sampuli yetu, yaani kaya tulizozihesabu, iliegemea kaya kubwa tangu mwanzo. Wapo watu wazima wenye shahada zao wanaosambaza kura za maoni za mitandaoni bila kujiuliza swali la yule binti.

Tena si kura za maoni peke yake. Ofisi ya Taifa ya Takwimu hutangaza mfumuko wa bei kila mwezi, na ukitangazwa kuwa umepungua utasikia ndani ya daladala: "Umepungua wapi, mbona sukari bei ile ile?" Aliyesema hivyo si mjinga. Hakuna aliyemwonyesha alipokuwa na miaka 14 kwamba mfumuko ukipungua bei bado zinaweza kupanda, ila kwa kasi ndogo, na kwamba kapu linalopimwa lina vitu vingi, sukari ikiwa kimojawapo tu. Bei kikomo za mafuta zinazotolewa kila mwezi na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, zingetosha kufundishia somo hilo. Ni namba halisi, za bure, na mtoto ambaye baba yake ana bodaboda anazijua kabla ya mwalimu.

Ombi langu ni hili. Mtaala ulioanza kutumika 2024 unasisitiza umahiri. Basi kila kikundi cha wanafunzi kifanye kazi moja ya kukusanya takwimu kwa swali lao wenyewe, na kazi hiyo ipewe alama kwenye tathmini endelevu. Waeleze walivyokusanya, wachore wanachochora, kisha waandike aya moja: nani hatukumhesabu? Ikibidi kuchagua, chati iondolewe, aya hiyo ibaki. Na alama ziwepo kweli. Kazi isiyo na alama haifanyiki, sote tunajua shule zinavyokwenda.

La pili ni namba za kata. Mwaka 2012 Dar es Salaam ilikuwa na watu 4,364,541. Mwaka 2022 wakawa 5,383,728. Mtoto atazikariri, zitapita. Mpe za kata yake mwenyewe za sensa zote mbili na idadi ya shule zilizopo, uone maswali atakayorudi nayo. Namba hizo zimechapishwa, ila zimezama ndani ya majedwali marefu ambayo mwalimu anayenunua kifurushi cha siku cha intaneti hayafikii. Karatasi moja kwa kila shule ingetosha. Mafunzo ya walimu nayo yanaweza kufanyika wakati wa likizo, kwa kuwa Chuo cha Takwimu Mashariki mwa Afrika kipo hapa hapa Changanyikeni.

Wapo watakaosema darasa la watoto themanini haliwezi kazi hii. Kwa mada nyingine ningekubali. Kwa takwimu, wingi ni faida: vizibo themanini vinaonyesha mlima, kumi na viwili havionyeshi kitu. Tahadhari yangu ni moja, wasiulizane mshahara wa mzazi wala mlo wa jana usiku. Kuna mtoto atadanganya kwa aibu, hesabu itaharibika na yeye ataumia.

Wizara ikitaka kujaribu kwanza kwenye shule chache, nashauri iwe muhula wa kwanza. Ule wa pili Kidato cha Pili wanajiandaa na upimaji wa kitaifa, na hutampata mwalimu wa kukupa vipindi viwili vya kuhesabu vizibo.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mwalimu wa Hisabati,
Temeke, Dar es Salaam